Kuondoa Harufu Mbaya Ndani ya Gari Lililotumika: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Gari Kutoka Japani

Magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakitokea Japani huwa yametumiwa kwa miaka kadhaa na mtu mwingine, kisha yakafungwa vioo na kusafirishwa kwa majuma kadhaa katika joto na unyevu wa Bahari ya Hindi. Haishangazi basi kwamba mnunuzi anapofungua mlango kwa mara ya kwanza hukutana na moshi wa sigara wa zamani, uvundo wa zulia lililolowa, harufu ya mbwa, au mchanganyiko wa vyote hivyo. Wengi hukimbilia manukato ya kutundika kwenye kioo. Manukato hayaondoi kitu. Huongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, na gari likipigwa na jua la saa saba mchana hutoka zote mbili kwa pamoja. Pale pwani wako pia wanaofukiza udi ndani ya gari, jambo ambalo silishauri hata kidogo, kwa sababu moshi wa udi nao huganda kwenye dari na vioo kama wa sigara, achilia mbali hatari ya kaa la moto kuangukia kiti cha sponji.

Harufu inayodumu ina kitu kinachoitoa, na kitu hicho kiko mahali fulani ndani ya gari. Kazi yote iliyoelezwa hapa ni kukitafuta, kukitoa au kukiosha, na kukausha mahali kilipokuwa. Sehemu ya mwisho, yaani kukausha, ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo sababu magari mengi hurudia kunuka juma moja baada ya kuoshwa.

Harufu ambazo ni za fundi

Kabla ya kununua sabuni, hakikisha harufu unayoisikia haitokani na ubovu wa gari lenyewe. Harufu ya petroli ndani ya gari inamaanisha mafuta au mvuke wake unavuja, na gari hilo lisiwashwe mpaka fundi alikague. Harufu tamutamu kama ya sharubati, hasa ikiambatana na ukungu wenye mafuta unaoganda upande wa ndani wa kioo cha mbele, huashiria kwamba maji ya kupoozea injini yanavuja kwenye rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi. Harufu ya mayai yaliyooza huweza kutoka kwenye betri inayochajiwa kupita kiasi au kwenye mfumo wa moshi, na harufu ya plastiki inayoungua huashiria hitilafu ya nyaya. Ukisikia moshi wa egzosi ndani, fungua vioo na usiendelee na safari, kwa kuwa moshi huo hubeba gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo yenyewe haina harufu na inaua.

Kunusa kwa utaratibu

Liegeshe gari juani likiwa limefungwa vioo vyote kwa muda wa saa moja au mbili, kisha fungua mlango mmoja na uvute hewa mara moja tu. Pua huzoea harufu ndani ya dakika chache, kwa hiyo pumzi ile ya kwanza ndiyo yenye taarifa za kuaminika. Ni vyema pia kumwomba mtu ambaye hajawahi kulipanda gari hilo anuse, kwani mwenye gari huwa wa mwisho kutambua linavyonuka.

Baada ya hapo sogeza pua karibu na kila sehemu: kitambaa cha kila kiti, mkanda wa usalama, dari juu ya kichwa cha dereva, zulia chini ya miguu, na buti mahali pa tairi la akiba. Washa feni peke yake, kisha iwashe pamoja na AC, ukilinganisha. Harufu inayokuja na upepo wa feni inatoka kwenye filta au kwenye ivapureta, yaani kifaa cha AC kinachopoza hewa. Inayokuwa kali zaidi gari likiwa juani imo kwenye vitambaa na dari. Inayoongezeka mvua inaponyesha inatokana na maji.

Ingiza mkono chini ya zulia, usiridhike na kuligusa juu. Zulia la gari lina tabaka nene la sponji au pamba nzito chini yake, na mara nyingi juu huwa pakavu kabisa huku sponji ya chini ikitoa maji ukiibonyeza. Vuta kila mkanda wa usalama hadi mwisho wake na uutazame kwa makini. Ukikuta mstari wa tope uliokatiza mkanda, ukakuta pia mchanga laini ndani ya reli za viti na kutu kwenye bolti zake, gari hilo limewahi kuzama majini. Hilo si suala la harufu tena. Soketi za umeme zilizo chini ya zulia zitaendelea kuliwa na kutu kwa miaka, na ushauri wangu kwa ambaye hajalipa ni kuliacha.

Kuziba njia ya maji

Kuosha zulia ambalo litalowa tena mvua ijayo ni kupoteza sabuni. Iwapo umekuta unyevu, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie gari maji kwa mpira polepole, akianzia chini ya milango na kupanda juu hadi kwenye kioo cha mbele na paa. Sehemu zinazovuja mara nyingi ni mipira ya milango iliyokakamaa, mipira ya taa za nyuma inayopitisha maji kuelekea mahali pa tairi la akiba, na vijibomba vya kutolea maji vya dirisha la paa kwa magari yenye dirisha hilo.

Kuna chanzo kimoja kinachowapoteza wengi kwa sababu hutokea hata wakati wa kiangazi. AC inapofanya kazi hukusanya maji kutoka hewani, na maji hayo hutoka kwa bomba dogo la mpira na kudondoka chini ya gari. Kwa gari lenye usukani wa kulia, ukiona zulia la abiria wa mbele kushoto limelowa, na ukiendesha AC kwa dakika kumi kwenye joto la Dar es Salaam chini ya gari panabaki pakavu, bomba hilo limeziba. Lizibue kutoka chini kwa uzi mnene wa plastiki, taratibu, na usipige upepo wa kompresa kwa nguvu kwa sababu bomba linaweza kuchomoka ndani ya dashibodi, na hapo kazi ya dakika tano hugeuka kuwa ya siku nzima.

Kutoa vyote na kufyonza vumbi

Toa mazulia ya juu, vifuniko vya viti, makaratasi, na kila kilichomo kwenye droo na mifuko ya milango. Pitisha mashine ya kufyonza vumbi katika kila upenyo, hasa kwenye reli za viti na mahali ambapo kiti cha nyuma kinakunjika, kwani ndipo hukaa makombo, nywele za mbwa na sarafu za yeni. Kiti cha nyuma katika magari madogo mengi hutoka kwa kukivuta juu tu upande wa mbele, kikiwa kimeshikwa na vibanio viwili.

Viti vya mbele hushikwa na bolti nne, ambazo kwa Toyota nyingi hufunguliwa kwa spana namba 14. Hapa tahadhari inahitajika. Viti vyenye mifuko ya hewa pembeni vina nyaya chini yake, na soketi za mifuko hiyo kwa kawaida huwa za rangi ya njano. Funga swichi, ondoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kuchomoa soketi yoyote, wala usiiwashe swichi tena kabla ya kurudisha kila soketi mahali pake, la sivyo taa ya mifuko ya hewa itawaka na kubaki imewaka. Asiye na uzoefu afanyiwe kazi hii na fundi. Gharama yake ni ndogo, nayo hurahisisha kila hatua inayofuata.

Moshi wa sigara

Hii ndiyo harufu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayostahili uvumilivu. Moshi wa tumbaku huacha utando mwembamba wa lami na nikotini juu ya kila kitu ulichokigusa, na kwa kuwa moshi hupanda, dari ndiyo hubeba mzigo mkubwa. Futa kioo cha mbele upande wa ndani kwa kitambaa cheupe chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Kikitoka na rangi ya kahawia kama chai ya rangi, umeshapata jibu la swali lako.

Anza na sehemu ngumu: vioo, dashibodi, milango, usukani, vikinga jua na plastiki zote, ukibadilisha maji kila yanapochafuka. Kisha nenda kwenye dari, na hapo uwe mpole. Dari la gari ni kitambaa kilichobandikwa kwa gundi juu ya sponji nyembamba, na ukililowesha, gundi huachia na kitambaa huanza kuning'inia. Nyunyizia sabuni ya vitambaa kwenye taulo la nyuzi laini, si kwenye dari lenyewe, ulifute kwa upande mmoja bila kusugua, eneo dogo baada ya eneo dogo, na ulirudie kesho yake likiwa limekauka.

Mikanda ya usalama husahaulika, ilhali hupita kifuani karibu kabisa na pua. Ivute yote, ibane isirudi ndani, ioshe kwa sabuni laini na maji, uisuuze na uiache ikauke kabisa ikiwa imevutwa. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo, yaani jiki, kwenye mikanda, kwani hudhoofisha nyuzi zake.

Anayeagiza gari kupitia mnada wa Japani anaweza kujiepusha na adha hii mapema. Karatasi ya mnada huwa na alama ya hali ya ndani ya gari kwa herufi, A ikiwa ndiyo bora, na harufu ya tumbaku au ya mnyama ikigunduliwa na mkaguzi inaweza kuandikwa katika maelezo ya Kijapani. Dai karatasi hiyo pamoja na tafsiri yake kamili kabla ya kulipa, badala ya kutosheka na picha.

Shombo, maziwa na matapishi

Aliyebeba ndoo ya samaki kutoka Feri au Kirumba na ikammwagikia kwenye buti anajua kwamba sabuni pekee haitoshi. Shombo hutokana na kemikali zenye asili ya alikali, yaani kinyume cha asidi, na ndiyo maana siki na ndimu huidhoofisha. Kausha maji ya samaki kwanza kwa taulo, uoshe kwa sabuni na maji baridi, kisha upake siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uiache kwa dakika kumi na tano na uifute. Harufu ya siki yenyewe hupotea inapokauka. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, hasa kwenye ngozi na vitambaa vyenye rangi nzito.

Maziwa, damu na matapishi yana protini, na maji ya moto huigandisha protini ndani ya nyuzi. Tumia maji baridi. Kitu kinachofanya kazi vizuri zaidi hapa ni dawa za kusafishia zenye vimeng'enya, zinazouzwa kwa ajili ya madoa ya watoto na wanyama, kwa sababu huvunjavunja uchafu wenyewe. Zinahitaji muda na unyevu: lowesha hadi kina kile kile ambacho maziwa yalifika, funika kwa plastiki kwa saa kadhaa, kisha nyonya maji yote. Usitangulize jiki wala dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu zitaharibu vimeng'enya kabla havijaanza kazi. Maziwa yaliyozama hadi kwenye sponji ya chini ya zulia na kukaa humo majuma kadhaa sijayaona yakiondoka kwa dawa ya juu juu. Kata kipande cha sponji kilichoathirika na uweke kingine.

Kuvu

Madoa ya kijivu au ya kijani kwenye mikanda, viti na chini ya dashibodi ni kuvu. Vaa barakoa na glavu, fungua milango yote, na ufanyie kazi nje, si ndani ya gereji iliyofungwa. Fyonza kuvu kavu kwanza ukitumia mashine yenye kichujio kizuri, kisha osha kwa sabuni, halafu paka siki, halafu kausha. Jiki ina kasoro mbili hapa: huchubua rangi ya vitambaa, na haipenyi vizuri ndani ya sponji. Kosa la hatari ni kuichanganya na siki kwa kudhani nguvu zitaongezeka. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo hujeruhi mapafu, na ndani ya gari hakuna pa kuikimbilia. Vivyo hivyo usiichanganye na dawa yoyote yenye amonia.

AC na njia zake za hewa

Usiifikie hatua hii kabla ya kusafisha vitambaa, kwa kuwa feni itavuta harufu iliyobaki na kuichafua tena ivapureta. Katika Toyota nyingi, zikiwemo Vitz, IST na Premio, filta ya AC iko nyuma ya droo ya abiria: fungua droo, ondoa kishikio cha pembeni, bana kuta zake mbili kuelekea ndani, na itashuka. Nyuma yake utaona kifuniko cha plastiki, na ndani yake filta. Katika gari lililokaa muda mrefu filta hiyo huwa nyeusi, imejaa majani, mbegu na wadudu, na wakati mwingine ina kiota cha panya. Baadhi ya magari huwasili bila filta kabisa, mahali pake pakiwa patupu. Nunua mpya Kariakoo au Kirinyaga Road, ukienda na ile ya zamani mkononi, na ukipata yenye tabaka la mkaa ichukue, kwani hupunguza harufu pamoja na vumbi. Mshale ulioandikwa juu yake huonyesha upande wa kupita hewa.

Kabla ya kuweka filta mpya, safisha ivapureta kwa povu maalumu la AC linalopulizwa kupitia nafasi ya filta au bomba la kutolea maji, kama lilivyoelekezwa kwenye kopo lake, na uliache litiririke nje. Fungua boneti vilevile na uondoe majani yaliyojaa chini ya wipa, kwa kuwa hewa ya nje huingilia hapo. Ukikuta panya aliyekufa, mloweshe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumgusa kwa glavu, ili vumbi lisiruke.

Tangu siku hiyo, jizoeze kuzima AC dakika mbili au tatu kabla ya kufika uendako huku feni ikiendelea kupuliza. Ivapureta itakauka, na kuvu haitapata pa kuanzia.

Kukausha

Nyonya maji kwa mashine inayofyonza maji, au kwa mataulo makavu yaliyokandamizwa kwa uzito wa mwili, mpaka taulo litoke kavu. Nyanyua zulia na uweke vipande vya mbao au chupa tupu chini yake ili hewa ipite pande zote mbili. Milango ikae wazi juani, na feni ya nyumbani ielekezwe ndani. Lengo ni kukausha ndani ya siku moja au mbili, kwani unyevu ukizidi hapo kuvu huanza kuota. Wakati wa masika pwani, au kwenye baridi ya Julai kule Limuru na Mbeya, jua halitoshi. Ni heri kungoja siku nzuri kuliko kuosha sponji ambayo haitakauka. Milango ikiwa wazi kwa saa nyingi, zima taa za ndani ama betri itakuwa imekwisha jioni.

Vifyonza harufu na mashine ya ozoni

Gari likishakuwa safi na kavu ndipo bekingi soda ina maana. Inyunyize kwenye viti na mazulia, iache usiku kucha na uifyonze asubuhi. Usitumie bekingi pauda, kwa sababu ina wanga unaonata, wala magadi ya kulainishia maharage, ambayo ni makali zaidi na huweza kuharibu rangi na ngozi. Mkaa nao husaidia: ule uliotengenezwa maalumu kwa kufyonza harufu una vitundu vingi zaidi na hufanya kazi kwa haraka, lakini mkaa wa kawaida uliopondwa na kufungwa kwenye mfuko wa kitambaa, ukiwekwa chini ya viti kwa juma zima, hupunguza mabaki. Kahawa hufunika tu.

Baadhi ya wasafishaji wa magari hutumia mashine ya ozoni. Kwa mabaki ya moshi wa sigara yaliyojificha kwenye njia za hewa ina faida halisi, mradi utando wa lami umeshafutwa. Ozoni ni gesi inayodhuru mapafu, hivyo asikae mtu, mtoto wala mnyama ndani ya gari wakati mashine inafanya kazi, na milango iachwe wazi kwa muda wa kutosha baadaye. Matumizi ya mara kwa mara hukausha na kupasua mipira, kwa hiyo mkatalie anayekuahidi kuirudia kila mwezi.

Rudisha viti, kaza bolti, na baada ya siku tatu rudia jaribio la kulifunga gari juani na kunusa pumzi ya kwanza. Ikiwa harufu imebaki, ifuatilie ilipo kali zaidi. Ikiwa ni ya dari lililoloweka moshi wa miaka, lipeleke kwa fundi wa viti na dari akabadilishe kitambaa na sponji yake. Ikiwa ni ya sponji ya zulia, ng'oa tabaka lote na uweke jipya, kazi ambayo mafundi hao hao huifanya.